Kopo la rangi mlangoni

Mzaliwa wa Nakuru ukicheka mbele ya wageni, wanajua kwenu kabla hujataja. Meno yangu ni ya rangi ya mkandaa, na si kwa uchafu: ni maji ya kisima niliyokunywa utotoni, yenye madini ya floraidi tele. Mwanangu alipozaliwa niliapa hatayarithi.

Jirani yangu, mama mwenye jibu la kila kitu, akaniambia, "Baba Kevo, yachemshe sana, floraidi itaruka na mvuke." Nikamwamini! Wiki tatu nikawasha jiko kila jioni, sufuria inatokota mpaka maji yabaki nusu, ukuta wa jikoni unatoka jasho, gunia la makaa linakwisha kabla ya mwezi. Mke wangu akauliza kama nangoja maji yaungue. Kumbe mvuke hupaa peke yake. Floraidi ya sufuria nzima ilibaki yote katika ile nusu, nami nikamnywesha mtoto nikijiona mwanasayansi.

Nikahamia maji ya mvua. Tangi, mifereji, fundi aliyekuja mara mbili, elfu kumi na kitu hivi, sikumbuki. Chujio la mkaa wa mifupa nalo hufanya kazi, ila mama yangu alikataa katakata maji yaliyopita kwenye mifupa ya ng'ombe asiyemjua.

Basi nikavuka mpaka. Kwa kuikasirikia floraidi nikapiga marufuku hata dawa ya meno yenye hiyo kitu. Mtoto akasuguliwa kwa chumvi. Meno yakawa meupe kama tui, nikawaonyesha wageni. Alipofika miaka minne, magego mawili yakatoboka.

Daktari wa meno aliyatazama, kisha akayatazama yangu. "Na yako yana mashimo?" Hayana hata moja. Nilitamani kuficha uso.

Akanieleza kwamba vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari ya mandazi na peremende kuwa tindikali inayonyonya madini ya jino, na floraidi kidogo juu ya jino huyarudisha. Ubaya ni kuimeza nyingi wakati meno ya ukubwani yangali yanajengwa ndani ya ufizi, miaka minane ya kwanza hivi. Kwa maji, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo maji ya mvua yaendelee, na dawa ya floraidi irudi mswakini, kiasi cha punje ya minji.

Lakini dawa ilikuwa na ladha ya stroberi, na mtoto aliimeza kama uji. Nikabembeleza, nikagomba, wapi. Ndipo nikaweka kopo tupu la rangi mlangoni: akitema likalia "ti!", ni bao. Jioni ya kwanza alinifunga matano kwa mawili, na sikumwachia. Kusukutua hakuna, maana maji huiondoa dawa. Bao la mwisho ndilo la kulalia.

Sasa ana miaka saba, meno mapya ya mbele yameota meupe. Juzi jirani alikuja kutushauri tujaribu majivu. Kabla sijamjibu, mlangoni kopo likalia "ti!"