Shingo ya kichupa ilinishinda mara mbili

Kwa kuwa nauza mafuta ya manukato, kila nikienda Köln, Ujerumani, kumtembelea dada yangu, lazima nipite Römisch-Germanisches Museum, jumba la makumbusho la mambo ya Kirumi, kutazama vichupa vya kioo vya Kirumi. Ni vidogo, vingine kama kidole tu, shingo ndefu, tumbo la mviringo. Zamani waliovikuta makaburini walidhani vilikuwa vya kukingia machozi ya wafiwa. Uongo mtamu, lakini vilitiwa mafuta mazuri na marhamu. Safari iliyopita nikaamua nipulize cha kwangu.

Fundi wa karakana ya kioo alinipa bomba la chuma, nikalichovya tanurini, kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi, likatoka na donge la kioo linalovutika kama asali. Sheria ni moja: usiache kuzungusha. Niliacha kidogo tu nifute jasho, donge likalala upande, likaanguka sakafuni. La pili nililipuliza kama puto la sikukuu, likawa jembamba kama ganda la kitunguu, likapasuka.

Kumbe mapafu hayana kazi kubwa pale, na shingo wala haipulizwi. Mara ya tatu nilitia pumzi ndogo, nikaziba tundu la bomba kwa kidole gumba, na hewa iliyonaswa ikatanuka yenyewe kwa joto. Kisha nikaliinamisha bomba na kulibembeza taratibu, uzito wa kioo ukaivuta shingo. Fundi akakishika kitako kwa ufito wa chuma, tukakikata bombani, nikaupasha mdomo moto tena na kuukunjia ndani. Mdomo mwembamba vile hutoa mafuta tone kwa tone, na harufu haikimbii.

Kililala tanuri la kupoozea usiku kucha, maana kioo kikipoa kwa pupa hupasuka.

Shingo imepinda, sikatai. Kitakoni pana kovu la ule ufito, ambalo vichupa vingi vya Kirumi vya karne ya 1 havina. Rangi nayo si yenyewe: changu ni cheupe kama maji, vya kwao vingi vina ubuluu wa kijani utokanao na chuma kilichomo mchangani.

Sasa kiko dukani na mafuta ya udi yasiyojaa kijiko cha chai. Hakisimami, nimekichomeka kwenye kikombe cha mchele. Na vya Warumi vingi navyo havisimami, kwa hiyo hapo sidaiwi.