Logo iliyofifia kila ikikuzwa: jinsi nilivyotatua

Dada mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, alitaka tovuti na bango. Logo yake ilikuwa picha ya JPEG yenye pikseli (vitone vya rangi vinavyounda picha) 200 tu kwa upana. Kwenye simu ilipendeza. Ukiikuza, mkia wa samaki unakuwa ngazi ngazi.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, na hela ya kulipia programu kila mwezi sina. Nikaanza na GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Kwa picha za kamera ni nzuri mno: nilizipunguza picha za dagaa hadi zikafunguka haraka hata kwa bando dogo. Logo haikupona, maana GIMP hushughulika na pikseli, na zisizokuwepo haziletwi.

Dawa ilikuwa Inkscape, nayo ya bure: huchora kwa mistari badala ya pikseli, hivyo mchoro haufifii ukikuzwa. Niliingiza ile JPEG, nikaifunga kwenye safu ya chini, nikachora upya juu yake kwa zana ya kalamu. Ipo amri ya kufuatisha picha bila kuchora kwa mkono, ila kwa picha chafu inaacha madoa tele. Mkono ni bora. Nikahifadhi SVG (faili ya mchoro wa mistari) kwa tovuti, PDF kwa mchapaji. Anayeanza azingatie hili: kabla ya kupeleka faili, geuza maandishi yawe michoro kwa amri ya Object to Path, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine.