Kutoka nodi tatu hadi sita: kupanua Cassandra ndani ya Kubernetes

Amri ya kupanua Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye nodi (mashine) kadhaa, ni mstari mmoja: `kubectl -n data scale statefulset cassandra --replicas=6`. Kubernetes, mfumo unaoendesha kontena, itaitii bila swali, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu podi (vifurushi vya kontena; hapa kila podi ni nodi moja). Nani ameshika tokeni zipi (namba zinazoamua data ipi ni ya nodi ipi) kwenye mduara wa nodi za Cassandra, na data gani bado iko njiani, hayo haiyajui hata kidogo. Kazi ya kupanua iko hapo katikati, na karibu yote hufanyika kabla ya amri hiyo kupigwa.

Tuchukue Cassandra 4.0 yenye nodi 3, nakala 3 za kila data, na GB 400 kwa kila nodi. Nakala zikiwa sawa na nodi, kila nodi imebeba data yote. Nodi ya nne ikiingia, mgawo wa kila moja unashuka hadi asilimia 75. Ya tano, 60. Ya sita, 50. Kwa hiyo ile ya nne peke yake inavuta GB 300, yaani GB 100 kutoka kwa kila nodi ya zamani. Kikomo cha kawaida cha kutuma ni megabiti 200 kwa sekunde kwa kila nodi, sawa na MB 25. Piga hesabu: sekunde 4,000, kama saa moja na dakika saba, hapo diski na mtandao vikiwa havilegei. Ukitaka kuharakisha, endesha `nodetool setstreamthroughput 400` kwenye nodi zinazotuma, si ile inayopokea. Nodi ikiwashwa upya, kikomo kinarudi kile kilichoandikwa kwenye `cassandra.yaml`.

Ukiwa umepanga raki tatu, yaani makundi matatu ya nodi yasiyotakiwa kuanguka pamoja, hesabu inabadilika. Kila raki ina nakala moja kamili, hivyo nodi mpya ya raki `a` inavuta nusu ya mzigo, GB 200, na yote inatoka kwa mwenzake mmoja wa raki hiyohiyo. Hizo ni sekunde 8,000, zaidi ya saa mbili. Nodi za raki `b` na `c` hazipungukiwi hata baiti moja. Ndiyo maana klasta ya raki tatu huongezwa nodi tatu kila inapopanuliwa, moja kwa kila raki, na kila raki hupewa StatefulSet (kundi la podi zenye majina na diski za kudumu) yake.

Kabla ya kuongeza, `nodetool status` ionyeshe UN (iko hai na imeshajiunga) kwa nodi zote na `nodetool describecluster` ionyeshe toleo moja tu la skima, yaani muundo wa majedwali. Simamisha kazi za `repair`, zile za kulinganisha nakala. Kisha angalia `kubectl get pvc`, orodha ya diski za podi, hatua ambayo wengi huiruka. Klasta ikiwa iliwahi kupunguzwa, diski iitwayo `data-cassandra-3` inaweza kuwa bado ipo na tokeni zake za zamani. Nodi iliyoagwa kwa `decommission`, yaani iliyoondolewa kwa utaratibu, itakataa kuwaka na kusema wazi kwamba iliondolewa kwenye mduara. Hiyo ni afadhali. Hatari kubwa ni diski ya nodi iliyotolewa kwa nguvu zaidi ya siku 10 zilizopita: `gc_grace_seconds` ya kawaida ni 864000, na muda huo ukipita alama za ufutaji huenda zimeshasafishwa kwenye nodi nyingine. Rekodi zilizofutwa zinafufuka. Futa diski hizo kwanza.

Mbegu nazo, yaani nodi ambazo mpya huziuliza kwanza ili kuujua mduara. Nodi iliyomo kwenye orodha yake yenyewe ya `seeds` haivuti data. Inaingia kwenye mduara ikiwa tupu na kuanza kujibu maswali kana kwamba imejaa. Orodha ibaki na `cassandra-0` na `cassandra-1` tu, hata klasta ikue vipi.

Sasa vipimo vya afya, maana hapa ndipo pana makosa mengi kuliko kwingine kote. Acha `podManagementPolicy` kwenye `OrderedReady`, podi moja baada ya nyingine. Ukiweka `Parallel`, podi tatu zitataka kujiunga pamoja, na ya pili itakufa na ujumbe kwamba kuna nodi nyingine inayojiunga. Lakini `OrderedReady` inategemea `readinessProbe` (kipimo cha kama podi iko tayari) isiyodanganya. Kipimo kinachogonga poti 7000, ya nodi kuzungumza zenyewe, kitasema podi iko tayari wakati bado iko UJ (inajiunga). Gonga 9042, poti ya wateja, kwa kuwa haifunguki mpaka nodi imalize kujiunga. Kwa sababu hiyohiyo, `livenessProbe` (kipimo cha uhai) inayogonga 9042 itaiua podi katikati ya kuvuta data, iwashwe, iuawe tena. Dawa yake ni `startupProbe`, kipimo cha kuwaka ambacho huzuia vile vingine mpaka kipite, yenye subira: `periodSeconds: 30` na `failureThreshold: 480` ni saa nne kamili.

Kwa RAM, usifananishe kikomo cha kontena na hipu ya Java, kumbukumbu ambayo programu hujitengea. Hipu ya GB 8 ndani ya kontena ya GB 10 inaweza kwenda vizuri wiki nzima, halafu data ikianza kumiminika podi inakufa na msimbo 137, imeuawa kwa kuishiwa RAM. Ipe kontena GB 16. CPU iwekee `requests` (kiasi kilichotengwa) bila `limits` (kikomo). Cassandra ikibanwa CPU inachelewa kujibu wenzake, nao wanaiandika DN (imekufa) ilhali iko hai.

Ukifika kwenye amri yenyewe, usiruke hadi 6; ongeza moja moja: `--replicas=4`, subiri UN, acha dakika mbili, kisha 5, kisha 6. Fuatilia kwa `nodetool netstats`. Muda huo uandishi wa `QUORUM` (unaodai majibu ya nakala zilizo nyingi) unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu nodi inayojiunga nayo inahesabiwa: badala ya majibu mawili, yanahitajika matatu. Basi fanya usiku. Na hii ndiyo sababu sioni mantiki ya kuikabidhi Cassandra kwa HPA, kipanuzi cha Kubernetes kinachoongeza podi chenyewe mzigo ukipanda; inaongeza mzigo wa saa kadhaa pale klasta inapokuwa imeelemewa.

Zote sita zikiwa UN, usishangae `nodetool status` ikionyesha nodi za zamani bado na GB 400. Hazifuti zilichokwisha kukabidhi. Endesha `nodetool cleanup -j 1`, nodi moja baada ya nyingine, na hakikisha kuna nafasi kwenye diski kwa sababu faili huandikwa upya kabla ya zile za zamani kuondolewa. `cassandra-3` na `cassandra-4` nazo zinahitaji, kwa kuwa zilitoa sehemu yao kwa waliokuja nyuma. `cassandra-5` haihitaji.