Nilivyoiaga programu ya barua pepe niliyoitunza miaka minne

Februari 2020 niliandika ombi la kuondoa programu ya barua pepe kwenye ghala la Debian, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta. Nilikuwa mtunzaji wake tangu 2016, na ombi lile la mistari sita lilinichukua jioni nzima.

Nilianza kuitunza nikiwa na duka dogo la kutengeneza kompyuta hapa Kondele, Kisumu. Wateja wangu wengi walikuwa na mashine kuukuu zenye RAM ya gigabaiti moja au chini ya hapo, na programu hii ilikuwa nyepesi, inafunguka kabla hujavuta kiti. Siku moja nikakuta imeandikwa yatima. Ndivyo Debian wanavyokiita kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari kuwekwa kwenye kompyuta, kilichoachwa na mtunzaji wake. Nikajitolea kuichukua.

Mtunzaji siye aliyeandika programu. Kazi yake ni kuufunga msimbo, yaani maagizo ya programu, ili uingie kwenye kompyuta na kutoka bila kuvuruga vingine, kuonyesha unategemea maktaba zipi, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, kusoma ripoti za hitilafu na kushona viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo. Sikuwa na ruhusa ya kupakia mwenyewe. Nilikuwa na mdhamini, mwanachama wa mradi, aliyekagua kila toleo kabla ya kulitia sahihi yake ya kidijitali. Toleo langu la kwanza alilirudisha mara tatu kwa sababu ya picha mbili ndogo za vitufe ambazo leseni yake haikujulikana. Alikuwa na haki. Asiyejua leseni hawezi kumwahidi mwenzake kwamba kitu ni huru.

Hitilafu iliyonifunza zaidi ililetwa na karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga kule Ahero. Alipokea barua yenye kichwa "Ng’ombe wameingia mpunga", na programu ikazima palepale. Kila akiifungua, inazima. Tatizo lilikuwa ile alama ndogo ya juu kwenye ng’. Aliyeandika alitumia simu, na simu iliweka alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka ya kibodi. Alama iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, na programu ilitarajia moja. Nilipoweka kiraka cha kwanza haikuzima tena, lakini kichwa kilisomeka "Ngâ€™ombe". Kiraka cha pili ndicho kilichomrudisha ng'ombe mzima. Nilifurahi sana siku ile, kwa maana majina mengi ya watu wa huku kwetu yana alama hiyo.

Lakini viraka viliendelea kuongezeka. Nilivikuta sita, kufikia katikati ya 2019 vilikuwa thelathini na kimoja, na mwandishi wa awali hakujibu barua hata moja. Kisha ikaja habari tuliyoijua siku nyingi: Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ingeachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na Debian ikaanza kuiondoa ili toleo la 11 litoke bila mzigo huo. Programu yangu yote ilikuwa Python 2.

Nilijaribu kuihamishia Python 3. Nilikesha miezi miwili. Python 2 inakuruhusu kuchanganya maandishi na baiti bila kukuuliza. Python 3 inakulazimisha useme hiki ni nini. Kwa programu ya barua pepe, ambayo kazi yake yote ni kupokea baiti na kuzigeuza maandishi, hiyo ni kubomoa nyumba hadi msingi. Na madirisha yake yalitegemea PyGTK, maktaba ambayo haikuwahi kuletwa Python 3. Ningekuwa naandika programu mpya, mimi peke yangu, usiku baada ya kufunga duka.

Ningeweza kuiacha yatima tena. Sikutaka. Ukiacha yatima unasema "kuna atakayeweza", nami nilijua msimbo ule hauna wa kuubeba. Kifurushi kinachopokea barua kutoka kwa watu usiowajua, kisicho na wa kuziba nyufa zake, ni hatari kwa anayekiamini. Nikahakikisha hakuna kifurushi kingine kinachokitegemea, nikapakia toleo la mwisho lenye tangazo kwa wanaosasisha, kisha nikaomba kiondolewe. Siku chache baadaye ombi likafungwa.

Kule ghalani ikawa imekwisha, lakini Ahero ilikuwa bado. Kuondolewa ghalani hakukitoi kifurushi kwenye kompyuta ambako kimeshawekwa. Kinabaki pale, kinafanya kazi, na kinanyamaza. Hesabu ya watumiaji ya Debian ni ya hiari, na mashine ya yule karani haikuwahi kuhesabiwa. Nikapanda matatu nikaenda.

"Kwani imeharibika?" akaniuliza. "Jana tu nimetuma barua."

"Haijaharibika, mama. Ila ikipatikana na kasoro ya usalama, hakuna wa kuirekebisha tena."

"Na barua zangu, kijana?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Barua zake zote zilikuwa katika faili moja ya mtindo wa mbox, ambapo kila barua huanza kwa mstari wenye neno "From" na nafasi. Nilimwekea Claws Mail, programu nyingine ya barua pepe ambayo ni nyepesi na huhifadhi kila barua kwenye faili yake, kisha nikaandika programu fupi ya kuzitenganisha. Fahirisi ya zamani ilisema barua 2,318. Mimi nikapata 2,331.

Kumi na tatu zaidi, na barua haizai. Nikazipitia. Moja ilikatika katikati, nusu yake ya pili ikianza "From Awasi to Ahero the canal is blocked". Wakulima waliandikia ofisi kwa Kiingereza, na programu ya zamani haikuwahi kuweka alama ya > mbele ya mistari kama hiyo ilipohifadhi. Nikabadilisha sharti: mstari uhesabiwe kuwa mwanzo wa barua pale tu unapokuwa na anwani na tarehe baada ya "From". Stima ikapotea, tukangoja karibu saa nzima. Iliporudi nikaendesha tena: 2,318.

Karani hakutaka kuziona zote. Aliniomba nimtafutie moja ya 2014, orodha ya wanachama wa kwanza waliolipa ada. Niliifungua, akasogeza kiti karibu, akasoma jina moja moja kwa sauti hadi mwisho, na Nyang’oma ilikuwa na alama yake.