Kituo cha mji mmoja kinahitaji leseni yake

Mimi ni fundi mitambo. Hisa nilizokuwa nazo katika kituo kidogo cha televisheni hapa Arusha zilikuja baadaye, na zilikuja kwa sababu hakukuwa na hela ya kunilipa mshahara. Tulikuwa na studio ya chumba kimoja, mnara, na transmita ya wati 100.

Watu huidharau wati 100. Lakini ukifunga antena inayoelekeza mawimbi mjini badala ya kuyamwaga angani, nguvu inayofika kwa watu inakaribia ile ya kilowati moja. Shida yetu ilikuwa milima. Mawimbi ya UHF, yaani masafa ya juu tuliyorushia, hayapindi kona vizuri: nyumba inayoonana na mnara inapata picha safi, iliyojificha nyuma ya kilima inapata chenga.

Adui mwingine ni maji. Masika yakikolea, mshale wa kipimo cha nguvu inayorudi kwenye transmita badala ya kutoka kwenye antena unapanda, na transmita inajipunguza yenyewe isiungue. Unapanda mnara, unafungua konekta ya waya wa antena, unakuta shaba imeota kijani. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, funga konekta mpya, kisha zungushia tepu ya mpira kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, kila mkunjo utapokea maji na kuyaingiza ndani. Vijana wengi hawafundishwi hili.

Tulichorusha ni bei za soko la Kilombero, misiba, mechi za Sheikh Amri Abeid, na mtaa upi utakosa maji kesho. Siku tukichelewa, simu ilikuwa inaita: "Dada fundi, mahindi leo mbona hamjasoma?"

Kisha ikaja dijitali. Dar es Salaam walizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, sisi na Moshi tukafuata 2013. Siipingi dijitali hata kidogo. Masafa yaliyobeba kituo kimoja sasa yanabeba zaidi ya kumi. Ila utaratibu ulitenganisha anayetengeneza vipindi na anayerusha. Transmita yetu ikakosa kazi, na ada ya kila mwezi ya kubebwa na mwenye multipleksi, yaani mtambo unaorusha vituo vingi kwenye masafa mamoja, ilizidi matangazo yote ya biashara tuliyokuwa tunapata mjini. Tukafunga.

Marekani walilitazama jambo hili mapema. Mwaka 1982 FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, iliruhusu televisheni ya nguvu ndogo. Ni daraja la pili: usiingilie vituo vikubwa, na vikikuingilia uvumilie. Sheria ya 1999 ikawapa baadhi yao ulinzi zaidi, na Julai 2021 waliobaki kwenye analojia walitakiwa wawe wamehamia dijitali, wakiwa na mitambo yao wenyewe.

Leseni ninayodai kwetu ni ndogo kuliko hiyo yao. Masafa mamoja kwa mji, transmita ndogo ya DVB-T2 (mfumo wa dijitali unaotumika kwetu), na vituo vinne au vitano vya hapahapa vigawane mnara na bili ya umeme. Watazamaji watumie ving'amuzi walivyonavyo. Wanaohofia mwingiliano na Kenya waitazame ramani: Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, umesimama kaskazini mwa mji. Mlima uleule uliotunyima watazamaji unatusaidia kuyazuia mawimbi yasivuke.

Wenye redio na studio ndogo Moshi, Monduli na Karatu mnaotaka kuingia kwenye maombi haya ya leseni, leteni ramani ya eneo lenu na urefu wa mnara mlio nao. Hesabu za masafa nitazifanya mimi, bila malipo.