Siku ya nne na chembe za mfupa

Jumatano, saa nne usiku

Leo ni siku ya nne tangu nipandikizwe mfupa kwenye taya, mahali pa jino lililong'olewa, na uvimbe umeanza kushuka. Leo nimeweza kufungua mdomo kiasi cha kupitisha kijiko cha uji bila kukunja uso. Ila ulimi hautulii. Unakwenda kule nyuma, taya la chini, kwenye nyuzi, unarudi, unakwenda tena. Jana ulirudi na chembe mbili ngumu kama mchanga, nikaingiwa na hofu kwamba kazi yote inamwagika. Nilimpigia daktari. Akasema chembe chache siku hizi za mwanzo si ajabu, mradi nisiteme mate kwa nguvu wala kunywa kwa mrija, maana ule mvuto ndio unaoweza kulegeza kidonda.

Gego lililokuwa mahali hapo niling'olewa nikiwa na miaka 29. Lilikuwa limetoboka, limeniuma wiki nzima, na lilipotoka nilishukuru. Niliambiwa ning'ate pamba, nisile cha moto, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba jino likiondoka, mfupa uliolishika nao huanza kuondoka. Hilo linaniuma kuliko mshono. Mfupa wa taya huishi kwa kazi ya kutafuna. Mzizi ukitoka, mwili huunyonya mfupa ule taratibu, na upana wa mahali pale unaweza kupungua karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza. Mimi nimekaa na pengo miaka 18.

"Shikamoo mama," ndivyo alivyoanza daktari siku nilipokwenda kuulizia jino jipya, binti ambaye ningeweza kumzaa. Kisha akanigeuzia kioo chenye picha ya taya langu, imekatwa vipande vipande kama mkate. Akapima mbele yangu: milimita 3 na nusu. Skrubu ya titani, aina ya metali, ninayotarajia kuwekewa iwe mzizi wa jino jipya ina unene wa milimita 4, tena inahitaji mfupa wa kuikumbatia pande zote. Kwa hiyo jino lingoje. Kwanza mfupa.

Bibi yangu alikuwa akisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilimkumbuka pale pale kwenye kiti, nikayasema kwa sauti. Daktari hakucheka. Alisema bibi alijua meno yanayokaa juu ya fizi. Titani huingia ndani, na mfupa huota ukaishika. Usiku ule nilisoma habari za Per-Ingvar Brånemark, yule Mswidi ambaye mwaka 1952 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura, akashindwa kukitoa kifaa chake cha titani kwa sababu mfupa ulikuwa umekwisha kukishika. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza meno ya namna hiyo. Sungura wale wamenipa moyo kuliko maelezo yote niliyopewa.

Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine: mfupa wenyewe wa nani? Unaweza kuchotwa kwako mwenyewe, kidevuni au nyuma ya taya. Upo wa binadamu aliyejitolea kabla ya kufa. Upo wa ng'ombe, uliosafishwa mpaka yakabaki madini matupu, na upo wa kutengenezwa kiwandani. Nilichagua wa ng'ombe. Mimi ni Mwislamu, nikauliza pia kuhusu ule utando wa kufunika juu, kwa kuwa mwingine hutokana na nguruwe. Daktari akaleta boksi, tukasoma pamoja. Ng'ombe. Naona jambo hili mgonjwa angeelezwa kabla hajauliza. Wangapi huona haya kuuliza wakanyamaza?

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko hofu yangu. Sindano ya ganzi, kisha sauti za vyuma tu. Nilichokiona ni kibakuli kidogo: chembe nyeupe zikichanganywa na damu yangu, zikalowa kama sukari iliyomwagikiwa chai. Nikafikiri, hizo zinakwenda kuwa mimi. Si zenyewe hasa. Zitakuwa kama jukwaa la mafundi, mfupa wangu uote juu yake polepole. Miezi 5 au 6, amesema, ndipo tupige picha tena. Zamu yangu ya upatu imeishia hapo yote, na skrubu bado.

Leo jioni mdogo wangu amepiga simu. Ijumaa anang'oa gego, upande uleule. Nilisimama, nikasahau kabisa uvimbe. Nikamwambia aulize kwanza kama mzizi unaweza kutibiwa jino libaki. Kama haiwezekani, aulize kama shimo linaweza kujazwa chembe siku hiyohiyo, mfupa usipungue sana. Akasema, "Dada, mimi maswali hayo sitayaweza." Basi tumekubaliana asogeze hadi Jumatatu, niende naye.