Kusajiliwa TSC: ada ni ndogo, karatasi ndizo kazi

Kila mara TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya, inapotangaza nafasi za kazi, kuna walimu wapya wanaokimbia saiba (duka la intaneti) kutafuta namba ya usajili siku chache kabla ya muda wa maombi kuisha. Wamehitimu vizuri, lakini hawawezi hata kujaza fomu ya kwanza. Na si kazi za serikali pekee: kifungu cha 23 cha Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 hakimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, awe shule ya umma au ya kibinafsi.

Jambo la kwanza huamuliwa miaka mingi kabla ya mahafali. Kwa mwalimu wa sekondari, TSC inadai wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Wengi husikia nusu ya kwanza tu. Mtu mwenye wastani wa B- aliyepata C katika kemia, kisha akasomea ualimu wa hisabati na kemia, atatoka na digrii nzuri lakini alama ya kemia itamrudisha nyuma. Hili lingesemwa waziwazi na kila chuo siku ya kupokea wanafunzi, kwa sababu mwaka wa nne hakuna cha kurekebisha. Mwenye BA au BSc iliyobeba masomo mawili yanayofundishwa shuleni huongeza diploma ya uzamili ya elimu. Kwa shule za msingi, diploma ya ualimu wa msingi, DPTE, imechukua nafasi ya cheti cha P1, na kuingia humo kunahitaji C. Aliyefanya mtihani wa sekondari nje ya Kenya hupeleka cheti kwanza KNEC, baraza la mitihani, kilinganishwe na KCSE.

Baada ya alama, majina. Hapa ndipo maombi mengi yanakwama, na hapa ndipo ningemwomba kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aketi chini jioni moja atandaze vyeti vyake vyote mezani. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE Muhammad, pin ya KRA (namba ya mlipa kodi) ina majina mawili badala ya matatu, na chuo kimeandika jina la ndoa. Kwa macho ya mwenye vyeti ni mtu mmoja. Kwa anayekagua faili bila kumjua, ni watu tofauti. Pin ya KRA ni rahisi kurekebisha na haina ada. Kosa la herufi kwenye cheti cha KCSE hupitia KNEC na huchukua muda, kwa hiyo lianze mapema. Aliyebadilisha jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Hati ya kiapo peke yake haibadilishi jina. Cheti cha KCSE kilichopotea nacho ni mzigo: kukipata tena KNEC kunagharimu mara kadhaa ya ada ya usajili wenyewe. Kihifadhi kama hati ya shamba.

Unahitaji pia cheti cha maadili mema, kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, kisha unachapisha risiti na fomu ya C24 ya alama za vidole. Fomu hiyo ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Saiba nyingi huchapisha karatasi mbili tofauti, na unarudishwa ukiwa umeshapanga foleni. Alama za vidole huchukuliwa makao makuu ya DCI jijini Nairobi au katika vituo vya Huduma Center. Osha na ukaushe mikono vizuri. Vidole vyenye jasho au mafuta hupaka wino ukasambaa, mistari ikapotea, na alama zisizosomeka hukataliwa ukaanza upya. Wanaotoka kwenye kazi ya jembe au mjengo, ngozi ikiwa imechubuka, wapumzishe mikono siku kadhaa.

Fomu ya afya ya GP69 hujazwa na daktari. Kosa la kawaida ni dogo sana: sahihi ipo, muhuri haupo. Isome yote kabla ya kutoka hospitalini.

Ukiwa na hivyo pamoja na kitambulisho, picha ya pasipoti, cheti cha digrii au diploma na transkripti zake, ndipo unaingia kwenye tovuti ya TSC. Ada inazidi shilingi 1,000 kidogo tu. Skani kutoka kwenye vyeti halisi, kwa PDF, kurasa zote zikiwa wima na pembe zote nne zikionekana. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inaweza kukurudisha. Kitambulisho kiwe pande zote mbili. Tumia barua pepe yako mwenyewe, kamwe si ya mwenye saiba, kwa maana taarifa za marekebisho na nywila hupitia huko.

Ukijumlisha ada hizi mbili, hazifiki shilingi 2,500. Kinachopandisha gharama ni nauli za kurudia, malipo ya saiba, na salio la karo chuoni ambalo huzuia cheti kutoka. Anayedai maelfu ili "akusukumie faili" ni mlaghai, na kumpa nakala za vyeti na kitambulisho chako ni hatari kuliko pesa utakazopoteza.

Namba ikitoka, bado hujaajiriwa. Unaweza tu kuomba. Anayelenga mafunzo ya kazini chini ya TSC akumbuke kwamba matangazo hayo yamekuwa yakidai bima ya ajali ya kibinafsi kwa muda wote wa mafunzo, na bima hiyo hulipiwa na mwalimu mwenyewe. Yadai pia cheti cha maadili mema ambacho muda wake haujaisha, hivyo angalia tarehe ya kile ulichotumia kujisajili kabla ya kukiambatisha tena.